Ekari Mbili Chini ya Paa Moja

Kwa miaka kadhaa Jumamosi zangu nyingi ziliishia ndani ya maduka yaliyokufa. Kanisa letu la Kiswahili, la Wakenya, Watanzania, Wakongo na familia chache za Warundi, lilikuwa linaabudu alasiri katika jengo la kanisa la wenyeji kaskazini mwa Minneapolis, baada ya wenyewe kumaliza ibada na kwenda zao. Tulipanga viti, tukavipangua, tukabeba vyombo vya kwaya hadi kwenye magari hata siku ambazo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Watoto walisomea Shule ya Jumapili kwenye korido. Ikaundwa kamati ya jengo, nami nikatiwa humo kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, na watu wetu huamini kwamba anayejua hesabu anajua kila kitu chenye bei.

Wakati huo majengo makubwa matupu yalikuwa tele. Oktoba 2018 Sears Holdings, kampuni mama ya Kmart, cheni ya maduka makubwa ya bei nafuu, ilikimbilia mahakama ya wafilisi. Januari 2019 ikafuata Shopko, cheni ya kutoka Green Bay, Wisconsin, iliyokuwa imeenea kwenye miji midogo ya huku, na kufikia Juni mwaka huo maduka yake yote yalikuwa yamefungwa. Ukiendesha gari kwenye barabara kuu unayajua kwa mbali: boksi la matofali ya saruji lisilo na madirisha ila mbele, uwanja wa maegesho uliopasukapasuka na majani yakiota kwenye nyufa, na juu ya mlango kivuli cha herufi zilizong'olewa, ambacho bado kinasomeka vizuri kabisa.

Wazo lilikuwa la mzee mmoja wa kamati, fundi mjenzi wa miaka mingi huko Nakuru kabla hajaja kuishi na wanawe. "Mbona tunahangaika na vijikanisa vya kuuzwa?" akatuuliza. "Tazameni pale. Karibu ekari mbili chini ya paa moja, na maegesho ya magari mia nne yameshawekwa lami." Hesabu yake ilikuwa sawa. Futi za mraba elfu themanini na kitu ni ekari mbili kasoro kidogo, na bei ya kila futi, ukilinganisha na kanisa lolote lililokuwa sokoni, ilikuwa ya kutupa. Pasta alishaanza kuona ukumbi wa ibada, madarasa, ukumbi wa harusi, zahanati, na mahali pa vijana kucheza mpira theluji ikiwa imefunika kila kitu.

Mimi nami maduka haya nilikuwa nayapenda tangu zamani. Koti langu la kwanza la baridi nililinunua Kmart ya Lake Street, Minneapolis, kwa mtindo ambao Mkenya angeuita lipa mdogo mdogo, isipokuwa koti hukabidhiwi mpaka umalize. Linakaa stoo na jina lako. Kwa mgeni asiye na kadi ya benki wala historia ya mikopo, huo ulikuwa msaada wa kweli, ingawa sijawahi kuelewa hekima ya kuliweka koti la Novemba stoo hadi Januari.

Kmart ilifungua duka lake la kwanza Garden City, Michigan, tarehe 1 Machi 1962. Mwaka huohuo Target likafunguliwa Roseville, hapa hapa Minnesota, na Walmart huko Rogers, Arkansas. Pacha watatu, na aliyetangulia kutoka ndiye aliyetangulia kuzikwa. Ilipofika mahakamani mara ya kwanza, Januari 2002, Kmart ilikuwa na maduka zaidi ya 2,100. Haikufa siku hiyo. Mwekezaji Edward Lampert alinunua madeni yake, ikatoka mahakamani mwaka 2003, akaiunganisha na Sears mwaka 2005, na tangu hapo maduka yakawa yanatazamwa zaidi kama viwanja kuliko mahali pa kuuzia bidhaa. Mwaka 2015 majengo 235 ya Sears na Kmart yaliuzwa kwa kampuni ya majengo ya Seritage kwa takriban dola bilioni 2.7, na mengi yakakodishwa kwa maduka yaleyale yaliyokuwa ndani. Shopko nayo, baada ya kununuliwa na wawekezaji mwaka 2005, iliuza sehemu kubwa ya majengo yake mwaka uliofuata ikabaki mpangaji.

Watu wakiulizwa ni nani aliyeua maduka haya husema Amazon. Amazon ina sehemu yake. Lakini mimi niliona nusu ya taa za dari zikizimwa mchana, vigae vikivunjika bila kubadilishwa na rafu zikipangwa bidhaa safu moja mbele ili zionekane zimejaa, muda mrefu kabla mtu yeyote mtaani kwangu hajazoea kuagiza sabuni kwa simu. Mwenye duka akishauza kuta zake akaanza kulipa pango ndani ya nyumba iliyokuwa yake, mwaka wa mauzo mabaya haumwachii pa kujishikiza. Hilo halihitaji shahada ya uhasibu. Kmart ya mwisho yenye ukubwa kamili katika bara la Marekani, ile ya Bridgehampton, New York, ilifungwa Oktoba 2024.

Basi tukaenda kukagua. Jengo lililotuvutia zaidi lilikuwa la cheni nyingine, sitaitaja, katika kitongoji ambacho pia nitakiacha bila jina. Dalali alitufungulia mlango wa pembeni kwa sababu milango ya mbele, ile inayojifungua yenyewe, ilikuwa imekatiwa umeme. Ndani kulikuwa na baridi ya kuona pumzi yako, ila ilikuwa baridi iliyopimwa. Joto lilikuwa limeachwa chini kabisa, kiasi cha kuzuia maji yasigande kwenye mabomba ya kuzimia moto yanayopita darini. Yakiganda yanapasuka, na siku hali ikipata joto una ziwa ndani ya duka. Maana yake ni kwamba jengo tupu la ukubwa huo lina bili ya gesi kila mwezi hata kama hakuna anayeingia isipokuwa panya. Niliomba kuziona hizo bili. Dalali akasema atanitumia.

Sakafuni ungeweza kusoma duka zima. Mahali rafu ziliposimama vigae vilikuwa bado vyeupe, na katikati yake njia za wateja zilikuwa zimefifia na kuwa kijivu, pana kuelekea kwenye malipo, nyembamba kuelekea kona ya vifaa vya bustani. Penye malipo kulikuwa na mashimo yenye nyaya zilizokatwa. Kiongozi wa kwaya, mama wa Kikongo asiye na haraka, alisimama kati ya nguzo mbili za chuma akaimba mstari mmoja wa wimbo. Sauti ikaenda, ikarudi kutoka ukuta wa nyuma, kisha ikarudi tena kutoka kushoto imechelewa. "Hapa tutaimba na mizimu," akasema, akaingiza mikono mfukoni. Nguzo zenyewe zilikuwa tatizo lake la pili: zimepangwa kwa safu kila baada ya hatua kumi na kitu, na popote ulipoweka madhabahu, theluthi ya waumini wangehubiriwa na chuma.

Mzee aliomba ngazi akapanda juu ya paa pamoja na fundi tuliyemlipa. Mapaa haya ni bapa, yamefunikwa utando mweusi wa mpira, na maji hushuka kupitia mirija michache inayozibwa na majani. Huku juu maji yalikuwa yamesimama na kuganda, viungo vya utando vimeinuka, na baadhi ya mashine za joto na ubaridi zimepasuliwa na wezi wa shaba. Fundi alitupa makadirio siku hiyohiyo. Kubadilisha paa peke yake kulizidi fedha zote tulizochanga kwa harambee tangu kamati iundwe. Mzee alishuka akiwa bado na ari. Alisema paa ni paa, tutalifanya vipande vipande, kila mwaka upande mmoja.

Kusema kweli kilichotuzuia hakikuwa paa. Kilikuwa makaratasi, na hapa ndipo ningependa kila kamati ya jengo itue kwanza kabla haijashika tochi.

Kulikuwa na sharti kwenye hati ya ardhi. Maduka makubwa yakihama, mara nyingi huacha masharti yanayomfunga atakayefuata: kusiuzwe vyakula, kusiwe na duka la dawa, kusiwe na duka la bidhaa mchanganyiko, kwa miaka kadhaa. Wanachoogopa ni mshindani kuingia kwenye jengo walilolijenga wao. Katika vituo vya maduka vyenye wamiliki wengi kuna sharti jingine la kawaida, la kukataza mahali pa mikusanyiko: sinema, ukumbi wa mazoezi, na nyumba za ibada, kwa hoja kwamba magari ya mkusanyiko humeza maegesho ya majirani. Hilo la pili lilikuwa limeandikwa kwenye hati yetu waziwazi, ukurasa wa nyuma, na ili liondolewe ilibidi wamiliki wote wa kituo kile watie sahihi. Mmoja wao alikuwa mkahawa ambao haukuwa na nia ya kutia sahihi chochote.

Halafu kulikuwa na swali la nani hasa anamiliki. Tulidhani ni lile duka. Kumbe mmiliki alikuwa kikundi cha wawekezaji wa jimbo la mbali ambao huenda hawajawahi kuliona jengo, na lile duka lilikuwa mpangaji mwenye mkataba ambao haujaisha. Lilikuwa limefunga milango lakini linaendelea kulipa pango. Jambo hili ni la kawaida sana, na ndilo linaloeleza kwa nini jengo linaweza kukaa tupu miaka huku kila mtu mjini akilalamika. Mpangaji halihitaji. Mmiliki analipwa. Nani ahangaike?

Kuna jambo la kodi pia, ambalo nililifuatilia kwa hamu ya kazi yangu kuliko mahitaji ya kamati. Mji huthamini majengo na kutoza kodi kwa thamani hiyo. Ndiyo inayolipia shule na barabara. Maduka makubwa yaliyo hai, yenye wateja na taa zinazowaka, yamekuwa yakikata rufaa yakitaka yathaminiwe kana kwamba ni matupu, kwa kulinganishwa na lile boksi lililokufa upande wa pili wa barabara. Mawakili wanaiita nadharia ya duka la giza, na imeshinda kesi nyingi, hasa Michigan. Sasa rudi kwenye lile sharti la hati. Jengo tupu linauzwa kwa bei ya chini kwa sababu, pamoja na mengine, sharti limewafukuza wanunuzi ambao wangelifaa zaidi. Halafu bei hiyo ya chini inapelekwa mbele ya mthamini kuwa ushahidi kwamba majengo ya aina hii hayana thamani. Nilipomweleza Pasta alinyamaza kidogo akauliza kama jambo hilo ni halali. Mara nyingi, ndiyo.

Kwa hiyo usishangae baraza la mji likikunja uso likisikia kanisa linataka kuingia. Kanisa halilipi kodi ya jengo. Mji umeshapoteza duka, umeshapoteza sehemu ya kodi kwa rufaa, na sasa inakuja kwaya kuchukua kilichobaki. Wakili wetu alitukumbusha kwamba ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inayoikataza miji kuzibagua nyumba za ibada katika mipango ya ardhi, na kwamba kesi tungekuwa na nafasi nzuri ya kuishinda. Akaongeza kuwa sheria ile haina nguvu juu ya sharti lililowekwa na majirani kwenye hati zao wenyewe. Alitutoza nusu ya ada yake ya kawaida. Mungu ambariki.

Anayetaka kuona jinsi jengo la aina hii linavyoweza kuufunga mji wenyewe akaisome hadithi ya ile Kmart yangu ya koti. Katika miaka ya 1970 Minneapolis ilikuwa inahofia Lake Street inakufa, wanunuzi wanakimbilia vitongoji, hivyo ikakubali kuikata Nicollet Avenue, mojawapo ya barabara zake kuu, ili duka lijengwe katikati ya njia. Si pembeni, katikati. Kwa zaidi ya miaka arobaini basi la Nicollet likawa linafika pale na kuzunguka, na abiria wageni wakawa wanauliza kama wamepotea. Mji ulipokuja kutaka barabara yake, mkataba wa duka ulikuwa na uhai hadi mwaka 2053. Ilibidi ulipe dola milioni 9.1 kuuvunja, na duka likafungwa Juni 2020. Kabla ya hapo, katika ghasia zilizofuata kuuawa kwa George Floyd mwezi Mei, ofisi mbili za posta za eneo lile ziliungua, na jengo la Kmart, duka lilipokwisha kufungwa, likageuka posta ya muda; watu wakawa wanapanga foleni ya barua pale walipozoea kupanga ya malipo. Oktoba 2023 likashika moto likiwa tupu, na Novemba likaanza kubomolewa.

Ndugu zangu Nairobi waliponisikia nikilalamika walicheka. Nakumatt, cheni ya supamaketi, ilianguka wao wakiona, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na kuzikwa na wadai wake miaka miwili baadaye, na bado nafasi zake nyingi hazikukaa tupu muda mrefu. Thika Road Mall, Carrefour waliingia. Matawi sita ya mwisho wakachukua Naivas. Tofauti, naona, ni kwamba kule supamaketi kubwa kwa kawaida ni mpangaji ndani ya jengo lenye benki, duka la simu na mkahawa, katika mji ambao nafasi nzuri inagombewa, na mwenye jengo anaumia kila mwezi mlango ukiwa umefungwa. Huku boksi linasimama peke yake kwenye ardhi ya bei rahisi, na ni nafuu kwa cheni mpya kujenga boksi jingine kilomita mbili mbele kuliko kukarabati hili. Walioachiwa maumivu Nairobi walikuwa wauzaji waliopeleka mali kwa mkopo, na wafanyakazi. Jengo lenyewe lilipona.

Yapo yaliyofufuka Marekani pia. McAllen, Texas, waligeuza Walmart ya zamani kuwa maktaba ya umma mwaka 2011, na picha zake mzee alizibeba kwenye simu kila mkutano. U-Haul, kampuni ya kukodisha malori ya kuhamia, imenunua Kmart nyingi na kuzifanya maghala ya watu kuhifadhi vitu, matumizi yanayolingana na jengo kuliko yote: hayahitaji madirisha, hayajali nguzo wala mwangwi. Na Brownsville, hukohuko Texas, Walmart nyingine ilifanywa makao ya wavulana wahamiaji, na mwaka 2018 zaidi ya elfu moja walikuwa wakilala humo. Nilipoiona hiyo kwenye taarifa ya habari, nikiwa mhamiaji, nilizima televisheni.

Lakini maktaba ile ilikuwa na mji nyuma yake, wenye fedha za umma na uwezo wa kujipa vibali. Sisi tulikuwa na bahasha za sadaka. Mkutano wa mwisho ulichukua usiku mzima, tukapiga kura, tukaliacha. Baadaye tukakodi nafasi kwenye safu ya maduka madogo, mahali palipokuwa pakiuzwa mazulia, futi za mraba elfu saba hivi, katikati ya dobi na ofisi ya bima. Mwenye jengo anaishi mji huu na simu yake anapokea. Tulisoma mkataba wa pango mstari kwa mstari kabla hata hatujauliza rangi ya ukuta.

Panabana. Jumapili ya Pasaka watu wanasimama nje, na mwenye dobi ameshatuomba tusizibe mlango wake. Lile boksi kubwa sasa ni ghala. Mzee hajakubali hadi leo kwamba tulifanya sawa. Anasema kosa letu lilikuwa kwenda peke yetu: kama tungejiunga na Walutheri wa Oromo na ile zahanati iliyokuwa inatafuta nafasi, tukamfuata yule wa mkahawa kwa adabu, hata mara kumi, angetia sahihi. Ameandika hesabu yote kwenye daftari la shule, pango, joto, bima, theluji ya maegesho, na kuigawa kwa tatu. Nimeipitia. Inakaribia sana kusimama. Nilimwambia hajaweka paa, akachukua kalamu akaliweka, upande mmoja kila mwaka, akanirudishia daftari.